Sifa ya Fundi Atangulizaye

Yupo fundi mmoja wa kompyuta huku Kirushya, wilayani Ngara, ambaye, kabla hajamsajilia mwanafunzi yeyote akaunti katika mashine mpya, huketi peke yake akalifungua kabrasha liitwalo skel, ambalo mfumo wa Linux hunakili vyote vilivyomo ndani yake na kumpa kila mtumiaji mpya siku ya kuandikishwa kwake. Akaweka humo mapema, kama mwenyeji amtandikiaye mgeni asiyemjua, herufi za kimo cha kusomeka, karatasi ya A4 badala ya ile ya Kimarekani ambayo printa husimama ikiidai, na kamusi ya tahajia ya Kiswahili.

Hili la mwisho ndilo linigusalo zaidi. Mtoto aliyelelewa kwa Kishubi au Kihangaza, akajifunza Kiswahili shuleni kwa jitihada, aandikapo barua yake ya kwanza katika mashine iliyoachwa na lugha ya kiwandani, huona “Shikamoo” imepigiwa mstari mwekundu, na chini yake jina la kijiji chake, na jina la babu yake. Naye, kwa kuwa amefunzwa tangu darasa la kwanza kwamba wino mwekundu ni wa makosa, hurudi akayafuta yaliyo sahihi.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Kazi ile ilikuwa adhimu. Lakini itamfaa nani iwapo mwenye kuandaa mashine hakujishughulisha hata kuichagua lugha?

Siku hizi, aghalabu, boksi hufunguliwa asubuhi na darasa likaingia adhuhuri, ilhali kabrasha lile hunakiliwa mara moja tu: aliyekwisha kusajiliwa hafikiwi na marekebisho ya baadaye, ikabidi kila akaunti ifuatwe kivyake, kazi ambayo hakuna aifanyaye, na mistari myekundu ikabaki mpaka mashine inapokufa. Windows nayo ina wasifu wake wa awali, nao hupuuzwa vivyo hivyo.

Basi, enyi walimu wakuu wa Ngara na Biharamulo, mtakapoletewa kompyuta, mpeni fundi siku nzima kabla ya jina la kwanza kuandikwa, wala msimharakishe.