Pua ya Bikira Maria

Wasomaji wetu wengi wamesoma katika shule za masista, au wamewapeleka humo binti zao. Kwa hiyo kitabu tunachokisema leo kinawahusu, ingawa ni hadithi ya kubuni, tena imeandikwa kwa Kifaransa. Jina lake ni Notre-Dame du Nil. Mwandishi ni Bibi Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda. Kilitoka Paris mwaka 2012, na mwaka uleule kikapata tuzo ya Renaudot.

Lise anayoisimulia haimo katika ramani. Ameiweka juu ya milima inayogawanya maji ya Kongo na ya Nili, karibu metri 2,500, na wanafunzi wake wengi ni binti za wakubwa wa Rwanda ya miaka ya 1970. Lakini mwandishi hakuokota habari hizi njiani. Yeye mwenyewe alisoma katika lise ya Notre-Dame de Cîteaux mjini Kigali, kisha katika shule ya huduma za jamii huko Butare. Mwaka 1973 alifukuzwa pamoja na Watutsi wengine, akakimbilia Burundi. Mwaka 1994 jamaa zake wengi waliuawa.

Sisi tumezoea historia za shule zinazotolewa siku ya yubile. Masista wanafika na kulala katika nyumba ya nyasi. Matofali ya kwanza yanachomwa. Yanafuata majina ya Mama Wakuu, moja baada ya jingine, na picha ya askofu akibariki bweni jipya. Habari hizo ni za kweli, na ni za heshima, maana jasho lilimwagika. Lakini mwanafunzi yuko wapi? Humo yeye ni hesabu tu: mia mbili, mia tatu.

Bibi Mukasonga anaanza na mwanafunzi. Wasichana wanarudi kutoka likizo na vyakula vya mama zao wamevificha, kisha wanabishana jinsi ndizi inavyopaswa kupikwa, kila mmoja akitetea jiko la kwao. Kwetu sisi hizi ndizo kurasa bora za kitabu chote. Aliyewahi kula chakula cha bweni atacheka peke yake. Na katika kicheko hicho wamo Virginia na Veronica, Watutsi, walioketi pale kwa ruhusa ya hesabu: katika wanafunzi ishirini, Watutsi wawili, basi.

Hapo ndipo kitabu kinapotuchoma. Hesabu ile ilitoka serikalini, lakini daftari lilikuwa la shule. Mama Mkuu anaifuata kama anavyofuata kengele. Padri wa shule ni mbaya zaidi, maana anaiunga mkono. Dini inafundishwa, misa inasomwa, na daftari halina anayeliuliza swali.

Karibu na lise, penye chemchemi, kuna sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa rangi nyeusi. Gloriosa, binti wa mkubwa wa chama, anaona kwamba pua yake ni ya Kitutsi. Anakusudia kuivunja na kuweka nyingine, ya Kihutu. Shauri hilo linazaa uongo, kwamba wameshambuliwa na maadui. Uongo unasadikiwa, unatukuzwa, na mwisho wake ni kufukuzwa na damu. Tumefundisha katekisimu, wala hatujapata mfano ulio wazi kuliko huo: msichana anasali Salamu Maria, na huku anampima Mama wa Mungu pua.

Hatusifu yote. Kuna Mzungu mmoja, Fontenaille, anayeamini kwamba Watutsi ni uzao wa mafarao. Amepewa kurasa nyingi mno, na bado hakueleweshwa vya kutosha. Hadithi za namna hiyo ziliandikwa kweli na Wazungu wasomi, hata wamisionari, na shule ya Astrida ya Mafrera wa Karitas ilipokea zaidi watoto wa machifu Watutsi. Kupima pua hakukuanza na Gloriosa. Lakini jambo zito hivyo limewekwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye wazimu, na msomaji asiyejua historia atadhani ulikuwa wazimu wake tu. Masista nao wamechorwa kwa mistari michache. Tungependa kumwona angalau mmoja wao akipigana na moyo wake.

Wema umo. Immaculée, Mhutu, anamficha Virginia. Tulipofika hapo tulikumbuka Nyange, shule ya wavulana na wasichana, Machi 1997: washambuliaji waliwaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku, nao wakakataa, na baadhi yao wakauawa. Riwaya ina msichana mmoja. Nyange lilikuwa darasa zima. Nani aliwalea wale? Historia hiyo inastahili kitabu kama hiki.

Kwa watoto wa miaka ya kwanza hakifai, kwa sababu ya mwenendo wa padri yule na wasichana. Wa mwaka wa tano na wa sita wakisome, mwalimu akiwa karibu. Na sista anayetayarisha yubile akisome kabla hajafungua kabati la madaftari ya zamani, yale ambamo kando ya jina la mtoto liliandikwa kabila lake.