Historia ya kubuni nayo ina wenyewe

Mwezi uliopita nilikuwa Kiritiri, kule Mbeere Kusini, na kijana mmoja akanifuata hotelini nikinywa chai. Alihitimu chuo mwaka juzi. Kwa sasa anafunga muguka huku akisubiri kazi. "Prof," akaniambia, "uko na dakika kumi unisomee hii kitu?" Hii kitu ilikuwa daftari nene, limejaa mwandiko mpaka ndani ya jalada. Nilidhani ni riwaya. Kumbe ilikuwa historia ya kale ya nchi isiyokuwepo.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, niueleze kidogo. Watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja akajitwalia mhusika: huyu mpiganaji, yule mganga, yule mwizi. Mmoja wao huwa msimulizi. Msimulizi anaeleza mlichokikuta njiani, nyinyi mnasema mtafanya nini, na dadu inaamua kama mmefaulu. Mchezo wa kwanza mashuhuri wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Kijana wetu ndiye msimulizi wa wenzake. Wahusika wao wakikuta magofu msituni lazima wauliza ni nani aliyajenga, na jibu linatakiwa liwe tayari. Ndiyo maana ya daftari.

Nilimwahidi kwamba nitalihakiki kama ninavyohakiki kazi yoyote ya fasihi. Basi nianze na ukurasa wa kwanza: "Miaka 10,000 iliyopita, Himaya ya Zarkoni ilianzishwa na Mfalme Zarko wa Kwanza. Himaya ilidumu miaka 3,000. Ilianguka kutokana na vita." Kurasa arobaini zinaendelea hivyo hivyo. Sentensi hazina kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba hakuna anayezungumza. Ni nani aliyehesabu hiyo miaka 10,000? Nani alimsikia nani? Kiambishi -li- kimepangwa mstari baada ya mstari kama mawe ya ukuta, na msomaji hana pa kupenya.

Nikamwomba afunge daftari anisimulie kwa mdomo. Hapo mambo yakabadilika. "Sasa Prof, hao watu wa mlimani eti walikuja usiku, wakapata kisima, wakasema ni chao. Lakini ukiuliza watu wa bondeni, watakwambia ni babu zao walikichimba, na hao wa mlimani waliomba tu maji."

Msomaji, linganisha hizo sauti mbili. Katika simulizi ya mdomo, "eti" inatuonya kwamba msemaji hajaweka dhamana yake kwenye habari hiyo. Kiambishi -ka- kinasukuma matukio mbele. "Watakwambia" inaleta shahidi wa pili, mwenye masilahi yake. Kiswahili kina ghala zima la vyombo hivi: yasemekana, inadaiwa, wazee husema, tulivyopokea. Mtu akibuni historia ya kale bila kuvigusa, anatuandikia kitabu cha kiada cha nchi ambayo haina hata mtahiniwa mmoja.

Kijana alijitetea kwa kumtaja J.R.R. Tolkien. Ni kweli, Tolkien alizifanyia kazi habari za enzi za kale za ulimwengu wake kwa miongo mingi, na kitabu chenyewe, The Silmarillion, kilichapishwa mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo chake. Ningeongeza M.A.R. Barker, mtaalamu wa lugha za Asia Kusini, ambaye mwaka 1975 alitoa mchezo wa Empire of the Petal Throne wenye ulimwengu uitwao Tékumel. Lakini hawa wawili walikuwa watu wa lugha. Walibuni lugha na sarufi zake, kisha wakatafuta watu wa kuzisema. Wanaowaiga huchukua orodha ya wafalme na kuiacha hiyo sauti.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Habari za kale za Kilwa zimetufikia kwa matoleo mawili. Toleo la Kiarabu linasema kwamba sultani wa Shirazi aliota panya mwenye mdomo wa chuma akitafuna ukuta wa mji, akaona ni heri ahame na wanawe. Toleo la Kireno, katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, linasema aliyehama ni Ali, aliyedharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Yote mawili yanasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Mwanahistoria anaweza kuuliza lipi ni kweli. Mimi mhakiki nauliza ni nani alifaidika kwa kusimulia hivi, na kwa nini palihitajika nguo. Anayetaja nguo anadai kwamba alilipa.

Huku Embu nako ni hivyo hivyo. Masimulizi mengine yanasema Mwenendega aliumbwa papa hapa, akapewa mke, Nthara, kwenye maporomoko ya Mbui Njeru karibu na Runyenjes. Mengine yanasema watu walikuja kutoka mbali. Majirani zao Wameru wanasimulia Mbwaa, mahali penye maji walikotoroka utumwa wa watu wa nguo nyekundu. Hata jina Mbeere lina mvutano: kwa lugha za huku, mbere ni mbele, au kwanza. Anayejiita wa kwanza hajitambulishi tu. Ameshafungua kesi.

Shaaban Robert alilijua hilo. Katika Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, nchi ya kubuni haikupewa sura ya utangulizi kuhusu asili yake. Mambo yake ya nyuma tunayapata kizimbani. Karama, aliyeshtakiwa na Majivuno kwa kutaka watu wafundishwe sheria, anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na habari njema, na wakaadhibiwa. Kila kisa ni ushahidi, na anayekitoa anapigania shingo yake. Ndiyo maana tunasikiliza.

Nilikuwa ningali nalisifia hilo mzee mmoja wa meza ya pili, aliyekuwa akisikiliza muda wote, aliposema, "Mwalimu, mwambie huyo mtoto atoe majina ya watu." Nikafungua daftari tena. Kweli, kufikia ukurasa wa sitini kijana alikuwa ameishiwa majina ya kubuni, akawapa watu wa mlimani na wa bondeni majina ya koo mbili za huku huku. "Hiyo hadithi," mzee akaendelea, "iko na shamba ndani yake."

Wasiotoka Mbeere huenda wasielewe uzito wa maneno hayo. Sheria ya kuamua haki za ardhi ilipitishwa mwaka 1968, na ilipoanza kutekelezwa huku, nasaba zikageuka kuwa hati. Koo zilichanga fedha za kesi, zikawatafuta wazee wanaokumbuka, zikaunganisha matawi yaliyokuwa hayajuani. Mwanaanthropolojia Jack Glazier aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu ardhi ya Wambeere na matumizi ya mapokeo. Nani alitangulia kufyeka pori, nani alikaribishwa tu: maswali hayo yaliamua nani atabaki na ekari na nani ataondoka.

Kuna historia za kubuni zilizoleta makubwa zaidi. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha nadharia kwamba watawala wa Maziwa Makuu walitoka Uhabeshi na kuwatiisha wenyeji. Wakoloni wakaipokea kama ukweli, shule zikaifundisha, na nchini Rwanda dhana ya Watutsi kuwa wageni ikawa silaha katika propaganda ya mauaji ya 1994. Ile nayo ilisimuliwa kwa sauti moja, bila "eti" yoyote.

Kwa hiyo nilimpa kijana ushauri wa aina mbili, na niliona unavutana. Kama mhakiki nilimwambia ugomvi wa kisima ndio uhai wa daftari lote. Afute Zarkoni na miaka yake 10,000, abaki na pande mbili zinazodaiana maji. Kama mtu mzima nilimwambia majina ya koo yatoke leo, kabla wenzake hawajayazoea. Mchezo huisha saa nne usiku, lakini mtoto wa mtu akisikia mara kumi kwamba ukoo fulani uliomba maji tu, hatakumbuka kwamba alilisikia kwenye mchezo.

Akauliza swali zuri: "Sasa Prof, mimi msimulizi si lazima nijue ni nani alichimba?" Nikamjibu hapana. Ajue kila upande unasema nini na unataka nini, basi. Hakuridhika. Alisema wachezaji wataona amewacheza. Huenda ana haki. Mimi sijawahi kushika dadu.

Majina ya koo aliyakata kwa wino mbele ya mzee yule, moja moja. Zarkoni alikataa kumwondoa. Anasema jina linavuma.