Waliopona Wakarudi Wodini

Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, Agosti 1, 2018 iliua watu 2,287 hadi ilipoisha Juni 2020. Wauguzi wa miji ya Beni na Butembo walihudumu ndani ya mavazi yanayochemsha mwili, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Hongera zao. Ila mimi nawavulia kofia zaidi waliopona wakageuka walezi. Damu yao ilikwisha kuujua ugonjwa, basi waliweza kumpakata mtoto ambaye mama yake amelazwa, wakamnywesha maziwa, wakambembeleza kwa Kinande, lugha ya huko. Mtoto aliona macho ya mtu, si miwani ya plastiki. Zamu ikiisha, baadhi yao walirudi kwa majirani waliokuwa bado wanaogopa kuwapa mkono. Kesho yake, wodini tena.