Nani Aliificha Rosa Mistika?

Nakala yangu ya Rosa Mistika niliipata Likoni, kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba, hatua chache kutoka pale watu wanapoteremkia feri. Jalada lake la asili halipo. Mtu amekivika kitabu karatasi ya kaki, akaishona mgongoni kwa uzi mweupe, mshono wa mkono uliopangika, tundu kwa tundu. Nje hapana jina la kitabu wala la mwandishi. Ndani kulikuwa na muhuri wa shule, umekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka. Chini ya tundu hilo pana majina manne ya kike, kila moja kwa wino wake, matatu ya kwanza yamekatwa kwa mstari.

Nimekuwa nikifuatilia maisha na athari ya Euphrase Kezilahabi nikiwa huku huku ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Likoni, Changamwe na Kisauni, mbali na Dar es Salaam alikofundisha na mbali zaidi na Ukerewe alikozaliwa. Wengi wanaomchunguza mwandishi aliyezua ubishi huanza na ule ubishi wenyewe: nani alimlaani, nani alimtetea. Mimi naona ni kuanzia mwisho. Heri kuanza na kitabu kilivyo mkononi, kisha watu waliokishika, halafu ndipo uende kwa mwandishi.

Hata hivyo msomaji anahitaji kumjua kidogo. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Alipitia seminari, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata riwaya yake ya kwanza ikatolewa na East African Literature Bureau. Piga hesabu: kitabu kilipotoka, alikuwa hajapita miaka 27. Huku kwetu nimesikia mara nyingi akitajwa kana kwamba alikuwa mzee mzima aliyekusudia kuwaharibu watoto wa watu. Tarehe zinasema aliyewaandika vijana alikuwa kijana mwenyewe, ametoka darasani juzi tu.

Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali kwa binti zake. Barua ya mvulana aitwaye Charles inamletea Rosa kipigo. Anapokwenda shule ya bweni, uhuru unamkuta hajaandaliwa kwa lolote. Anaingia katika mapenzi ya hovyo, anatoa mimba, na mwishowe anajiua. Kezilahabi aliyasema waziwazi mambo ya mwili ambayo riwaya za Kiswahili zilizoea kuyapitia kando kwa mafumbo. Tanzania riwaya ikazuiwa kutumika shuleni. Miaka ikapita, ikaingia sekondari na kutahiniwa.

Hapo kwenye kuzuiwa ndipo nilipojikwaa. Katika daftari langu la kwanza niliandika: "Kilipigwa marufuku." Sentensi hiyo ilikaa miezi mingi bila kuguswa, nami nikajenga mengi juu yake. Siku moja mwalimu mstaafu wa Changamwe aliisoma, akaniuliza neno moja: "Nani?" Sikuwa na jibu. Kiswahili kinaturuhusu kusema kitu kimepigwa marufuku bila kumtaja aliyepiga, na kitenzi kikishakaa hivyo kila msomaji hujaza mtendaji wake mwenyewe. Mmoja ataiona serikali, mwingine kanisa, mwingine mwalimu mkuu mwenye bakora. Tangu siku hiyo kila ninaposikia marufuku naandika maswali manne: nani, wapi, kwa nani, mpaka lini. Kitabu kilichoondolewa kwenye orodha ya shule za Tanzania hakikuzuiwa kwa sababu hiyo kuuzwa dukani, wala hakikuwa haramu Mombasa.

Tofauti hiyo inaonekana ukikiweka karibu na vitabu vya David Maillu. Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, Nairobi mwaka 1972, akachapisha vitabu vyembamba vya Kiingereza kuhusu pombe, mapenzi na maisha ya mjini, na vijana wakavigombania. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Kumbukumbu za watu huviweka vitabu hivi na Rosa Mistika katika kapu moja, "vile vitabu vibaya". Nilipogundua hivyo nilirudi kwa baadhi ya niliowahoji na kuwaomba wanisimulie kisa. Aliyetaja mabosi na makarani wao wa kike baada ya saa za kazi alikuwa akinisimulia After 4.30 ya Maillu. Aliyetaja baba mlevi na barua ndiye aliyemsoma Kezilahabi. Nisingeuliza kisa, ningemhesabia mmoja wasomaji wa mwingine.

Sasa turudi kwenye karatasi. Ukurasa wa hakimiliki wa nakala yangu umechanika nusu, na mwaka wa chapa haupo. Jina la mchapishaji limesalia: Kenya Literature Bureau. Jina hilo peke yake ni kalenda. Toleo la 1971 lilitolewa na East African Literature Bureau, chombo cha pamoja cha nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mali yake ikagawanywa, na upande wa Kenya ukapata shirika lake, ambalo sheria ya Bunge ililisimamisha rasmi mwaka 1980. Kwa hiyo nakala ya Likoni haiwezi kuwa ya kabla ya mgawanyo huo.

Lililonishtua ni kinachofuata. Mwaka huohuo wa 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Barabara inayotoka kivukoni Likoni kwenda Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga ndiyo njia ya Tanga. Kwa zaidi ya miaka sita njia hiyo iliishia mpakani. Bidhaa zilikwama, jamaa walitengana, nami nilidhani vitabu vya Watanzania vilikwama pia. Riwaya ya Mkerewe haikuhitaji kuvuka. Ilikwisha kuwa upande huu, katika orodha ya shirika la Kenya lililorithi vitabu vya bureau ya zamani, na Nairobi ingeweza kuichapa bila kupitisha katoni hata moja mpakani Horohoro. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba wasichana wa Pwani wamsome Kezilahabi. Mgawanyo wa mali za jumuiya iliyokufa ndio uliowafungulia njia. Athari ya mwandishi mara nyingi hutafutwa katika mawazo yake, na mimi pia nilikuwa nikiitafuta huko, kumbe sehemu yake kubwa ilikuwa katika haki za kuchapa.

Katika mahojiano nilijifunza kuacha swali la "Je, kitabu hiki kilikuathiri?" Mtu mzima wa Pwani ukimuuliza hivyo kuhusu Rosa Mistika atakupa jibu la heshima: kilitufundisha madhara ya tamaa. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli, lakini halikusaidii kwa sababu ni jibu la mtihani. Badala yake niliuliza: ulikisomea wapi, nani alikupa, ulimrudishia nani? Hapo kumbukumbu hufunguka, kwani mtu hukumbuka mahali kabla hajakumbuka maana. Mmoja alikisomea bwenini kwa kurunzi, shuka kichwani. Mwingine wa Bombolulu alikisomea jikoni akingoja nazi ichemke, amekiweka ndani ya kitabu cha jiografia.

Mama mmoja wa Mtongwe, aliyesoma shule ya bweni miaka ya 1980, nilimuuliza ni nani aliyewakataza. Alifikiri kidogo. "Mwanangu, hakuna mtu aliyetwambia kisisomwe. Twalikificha wenyewe. Mwalimu alikuwa nacho mezani mwake, twalikiona, lakini chetu twalikificha."

Jibu hilo liligeuza utafiti wangu. Nilikuwa nimetafuta amri, nami nilipaswa kutafuta aibu. Mwalimu alikuwa na nakala yake mezani, na wasichana walikuwa na yao chini ya godoro. Kilikuwa kitabu kilekile, na walikisoma kwa namna mbili. Aliyekificha alikisoma polepole, akarudia kurasa, akamchagua atakayempa. Wahojiwa wachache niliowafikia hawaisemei Pwani nzima, na sitawapa uzito huo. Ila wote walioniambia walikificha waliweza kunitajia jina la aliyewapokeza kitabu, na waliokisoma darasani hawakukumbuka hata rangi ya jalada.

Jina la kitabu nalo lina wasomaji wawili. Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika Litania ya Loreto, waridi la fumbo. Mkatoliki wa Changamwe aliyekariri litania hiyo tangu utotoni hukutana na jina takatifu juu ya hadithi ya msichana anayeharibikiwa, na mshtuko unampata kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Msomaji Mwislamu wa Likoni huona jina zuri la kigeni. Yeye hukasirishwa, au huguswa, na baba anayepiga. Nilipogawa maelezo yangu kwa mitaa nikaona Changamwe walinisemea jina na Likoni walinisemea Zakaria. Anayeandika kwamba "jamii ilikipinga kitabu" ameziba tofauti hiyo yote kwa neno moja.

Kuhusu maisha ya Kezilahabi, pana mtego mmoja wa kuepuka. Nyumbani kwa Rosa ni Namagondo, na Kezilahabi alizaliwa Namagondo. Kishawishi cha kusema Zakaria alikuwa jirani fulani, au Rosa alikuwa binti fulani, ni kikubwa. Kijiji halisi kinathibitisha kwamba mwandishi aliijua ardhi, njia na desturi. Kuhusu watu hakithibitishi lolote. Maisha yake ya fikra yana ushahidi ulio wazi zaidi. Tasnifu yake ya uzamili ya 1976 ilimhusu Shaaban Robert. Ile ya uzamivu, aliyoimaliza Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Anayesema Kezilahabi aliidharau mila ya uandishi wa Kiswahili kwa kutoijua ana kazi ya kuieleza hiyo tasnifu ya kwanza.

Na huku Mombasa shutuma hiyo ya kudharau mila ina nguvu kuliko ile ya maadili. Wazee wa ushairi niliokutana nao Kisauni walimsamehe Rosa zamani. Hawajamsamehe Kichomi, diwani ya 1974, iliyoachana na vina na mizani na kuutetea uhuru huo katika utangulizi wake. Kwa mji ulioona Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir ikichapishwa mwaka 1971, mwaka uleule wa Rosa Mistika, shairi lisilo na urari wa vina lilikuwa tusi kwa sanaa. Kwa hiyo mtafiti anayekusanya malalamiko dhidi ya Kezilahabi Pwani lazima atenge madaftari mawili, la maadili na la arudhi. Nilipoyachanganya nilipata picha ya mji unaochukia kila alichoandika. Nilipoyatenga nikakuta mzee anayeghani tungo za jadi kwa kichwa, hataki kusikia mashairi yake, lakini riwaya aliwapa binti zake waisome.

Athari yenyewe hupimwaje? Kufanana hakutoshi. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980 na baadaye kutahiniwa katika sekondari za Kenya, ina baba mkali, Maksuudi, na binti aliyefungiwa ndani, Maimuna, anayetoka na kuangukia dunia asiyoijua. Ni rahisi kuchora mshale kutoka Rosa hadi Maimuna. Mimi siuchori. Nyumba za kufungia mabinti zilikuwapo Pwani na Visiwani kabla ya riwaya zote mbili, na waandishi wawili wanaweza kuchota kisima kimoja bila mmoja kumwazima mwenzake ndoo. Ninachoweza kusema ni kwamba msomaji wa Mtongwe aliyeanza na Rosa alimpokea Maimuna kama mtu anayemfahamu. Hiyo ni athari kwa msomaji, na ina ushahidi.

Katika ushairi mshale unachoreka, lakini hautoki kwake peke yake. Leo mwanafunzi wa kidato cha nne Kisauni anatakiwa kulichambua shairi huru na la arudhi katika karatasi ya fasihi. Kezilahabi yumo katika mageuzi hayo, pamoja na Ebrahim Hussein, na Mulokozi na Kahigi waliotoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Kumpa mmoja sifa yote, au lawama yote, ni kuwafuta wengine.

Kezilahabi alifundisha Botswana kwa miaka mingi, akafariki Januari 2020. Habari za kifo chake zilipofika nilikuwa tayari nina nakala ya kaki, nikaipeleka Mtongwe kwa yule mama. Hakutazama maandishi. Aliupitisha uzi wa mgongoni kidoleni, akasema, "Huu mshono wa darasa la sayansi kimu, mwanangu. Aliyeshona alikuwa mwanafunzi." Nikamwonyesha majina manne na lile la mwisho ambalo halikukatwa. Hakumjua yeyote. Akaniomba nimwachie kitabu hadi Ijumaa.

Kiliporudi, mahali uzi ulipokuwa umelegea palikuwa pameshonwa upya, kwa uzi mweusi.