Katekista wa Kilimani

Eneo la Walikale peke yake, mashariki mwa Congo, lina zaidi ya kilometa za mraba 23,000, sehemu kubwa ikiwa msitu. Masisi, eneo jirani, ni vilima juu ya vilima. Padri hawezi kufika kila kijiji kila Jumapili. Tangu 1961, maaskofu wa Congo walipoamua kulijenga kanisa juu ya jumuiya ndogo, mzigo wa kuvihudumia vijiji hivyo umezidi kumwangukia katekista: baba wa familia, mkulima.

Alfajiri yumo shambani, akipalilia maharage na mihogo ya kuwalisha watoto wake. Jioni anagonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini, watu wanakusanyika. Anawaandaa wabatizwa, anapatanisha mume na mke, anazika. Njia ikigeuka tope, anavua viatu na kuendelea hadi kwa mgonjwa. Risasi zikilia, mkono mmoja unamshika mtoto, mwingine unabeba daftari la wabatizwa, limefungwa ndani ya nailoni.

Anapofariki haachi mali. Ila kaburini wanasimama watu wazima aliowafundisha kusali, wakipokezana koleo kimya kimya. Kila mmoja anajua anachodaiwa.