Maswali Tunayomuuliza Adam Shafi

Mwandishi wa riwaya ya kihistoria ana taabu zake. Mwandishi wa mapenzi akimaliza kitabu huulizwa wale wawili wataoana lini. Wa upelelezi huulizwa kisa kipya kinatoka lini. Lakini huyu aliyeandika mambo yaliyopita katika mji wake mwenyewe, akikaa tu barazani huulizwa: "Haya uliyoyaandika ni kweli?" Kabla hajajibu, wa pili keshadakia: "Yule uliyemwita fulani, si yule bwana wa Malindi?" Na wa tatu, mzee aliyenyamaza muda wote na kikombe chake cha kahawa, anauliza lile zito kuliko yote: "Na wewe ulikuwepo?"

Unguja ni kisiwa kidogo. Aliyekuwa mkubwa zamani ni babu wa mtu unayesalimiana naye leo Darajani, na aliyeteswa zamani ni babu wa mtu mwengine, mnayeswali naye safu moja. Ndiyo maana maswali haya kwetu si ya kupitisha wakati. Ukijibu vibaya, umemgusa mtu. Na ndiyo maana vijana wengi tunaoandika tunakimbilia hadithi za mapenzi, tunauacha wakati uliopita ulale.

Kuna mtu mmoja hakuuacha ulale. Adam Shafi ametuandikia mgomo wa makuli, harakati za kumpinga Mwingereza, Mapinduzi, na jela ya baada ya Mapinduzi. Sikumhoji yeye. Nimevihoji vitabu vyake vinne, kwa maswali yaleyale ninayoyasikia kwa wasomaji, nione vinajibu nini.

Swali la kwanza: Haya ni kweli?

Tuanze na Kuli, iliyotoka 1979. Mgomo wenyewe ulitokea kweli. Agosti 1948 makuli wa bandari ya Unguja waligoma, na kufika Septemba mgomo ulikuwa umeshaenea mjini, hata wafanyakazi wa kazi nyengine wamo. Sababu haikuwa kitendawili: mshahara mdogo, na baada ya vita maisha yalikuwa yamepanda. Hayo ni historia na hayana ubishi. Lakini Rashidi, mtoto wa kuli ambaye naye anakuwa kuli, humkuti katika faili lolote. Katungwa. Basi tuseme kitabu ni nusu kweli nusu uongo?

Swali hili halikuanza kwetu. Muitalia Alessandro Manzoni aliandika riwaya ya kihistoria, I promessi sposi, iliyotoka 1827 na kuwa kitabu kikubwa cha taifa lake. Baadaye mwenyewe akaandika makala, iliyotoka 1850, kuipinga aina ileile ya riwaya iliyompa jina! Hoja yake aliianza kwa wasomaji. Wako, alisema, wanaolalamika kwamba mwandishi kachanganya, hawajui lipi limetokea na lipi katunga. Na wako wanaolalamika kinyume chake: kapambanua mno, hadithi imekatika vipande. Wote wana haki, na huwezi kuwaridhisha wote kwa pamoja. Kwa hiyo, kwa Manzoni, ngalawa yenyewe ina tobo.

Mie sikubaliani naye, na shahidi wangu ni Rashidi. Faili la serikali linaweza kunambia mgomo ulianza siku gani na karani gani alimwandikia bwana gani. Haliwezi kunambia mtu aliyekulia katika nyumba ya kuli, aliyeona tangu utotoni kazi ile inavyomla mtu, anafikaje asubuhi moja akasema leo siendi. Njia ile ya moyoni, kutoka woga mpaka kukataa, karani hakuiandika kwa sababu hakuiona. Mwandishi ndiye anayeifuata. Basi jawabu la kitabu kwa swali la kwanza ni hili: mgomo ni wa kweli, Rashidi ni wa kutungwa, na bila ya huyo wa kutungwa tusingeujua huo wa kweli ila kwa tarehe yake.

Lakini tusisifu tu, sisi si kikundi cha kupiga makofi. Faraji, yule anayemfungua macho Rashidi, pahala pengine anasomesha mno. Msomaji anahisi kama amekaa katika darasa la siasa, anasubiri kengele. Hapo jawabu limetangulia kabla ya swali, na riwaya inapungua nguvu.

Swali la pili: Fulani ndiye nani?

Vuta N'kuvute ilitoka 1999 na imesomwa sana skuli, kidato cha tano na cha sita. Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu iliyooneshwa hata katika tamasha la Toronto, na sasa wapo vijana wanaoingia kitabuni kwa mlango wa sinema. Swali lao la kwanza, nimelisikia sana: "Denge alikuwa nani hasa?" Wanataka jina la mtu aliyezaliwa na kuzikwa, pengine na picha yake.

Hebu tukitazame kitabu kinavyofanya. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa mwanamme mzee, Raza. Anamkimbia. Jamaa zake hawamtaki tena. Anapokelewa na Mwajuma, Mswahili, katika maisha ya upande wa pili wa mji, yenye nyimbo, vicheko na njaa. Huko ndiko anakokutana na Denge na mambo yake ya siri. Sasa kumbuka kwamba zamani Mji Mkongwe na Ng'ambo vilitenganishwa na maji ya hori, na daraja lililovuka hapo ndilo lililotuachia jina la Darajani. Maji yalifukiwa, neno likabaki. Msichana mmoja anapokata shauri la kuvuka kutoka kwao kwenda kwa watu alioambiwa si wenzake, mwandishi keshatueleza ukoloni ulivyoipanga Unguja, nani akae wapi na nani asichanganyike na nani, na wala hakutoa hotuba. Hapa amepiga hatua kubwa kutoka Kuli.

Ukimwambia msomaji "Denge ni fulani", umemnyang'anya yote hayo. Hatosoma tena. Atakaa kulinganisha: fulani hakuwa mrefu vile, fulani hakupenda mwanamke yule.

Na jina la kutungwa lina kazi nyengine, nzito zaidi. Tazama Haini, ya 2003. Kila msomaji wa Unguja anajua kitabu kinazungumza habari gani. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais Abeid Amani Karume aliuawa Kisiwandui, na baada ya hapo watu wengi walikamatwa, Adam Shafi mwenyewe mmoja wao. Basi alikuwa na haki kamili ya kuandika ushahidi, kwa majina, mtu kwa mtu. Badala yake katuandikia riwaya na kampa mateso yale mtu anayeitwa Hamza. Kwa nini?

Wako watakaosema ni woga. Mie naona vyengine. Ungekuwa ushahidi wa majina, nusu ya wasomaji wangekwenda moja kwa moja kutafuta jina la babu yao, na wakilikuta upande mbaya, kitabu kinafungwa hapo hapo. Riwaya inamruhusu hata mjukuu wa askari wa jela aingie chumbani mwa Hamza, akae naye, asikie funguo zikilia nje ya mlango, kabla hajaanza kujitetea. Akishakaa mle kurasa mia, ataondoka vile alivyoingia?

Angalizo kwa wenzangu, maana nawajua. Kumbadilisha jina jirani yako kisha ukamsuta kitabuni mwanzo mpaka mwisho, huo si ubunifu. Huo ni umbea uliopigwa chapa.

Swali la tatu: Mbona umeegemea upande mmoja?

Hili huulizwa zaidi kwa Kasri ya Mwinyi Fuad, ya 1978. Hapa msomaji ana kesi. Fuad, bwana wa shamba la mikarafuu, ni mbaya asubuhi, mbaya mchana, mbaya usiku. Hatumkuti hata mara moja akiwa na shaka na nafsi yake. Kweli mabwana wa aina ile walikuwepo, na jasho lililomwagwa chini ya mikarafuu si hadithi ya kutungwa. Lakini mtu anayechorwa kwa rangi moja hamfundishi msomaji kitu. Tunamchukia, tunafunga kitabu, tunalala vizuri. Na dhulma haikutendwa na mashetani. Ilitendwa na watu waliokuwa wakicheka na watoto wao.

Hata hivyo usikitupe kitabu, kwani ndani yake yumo Kijakazi. Mtumishi huyu anamtumikia Fuad kwa imani, anaamka alfajiri, anachoka, anatukanwa, na bado anampenda bwana wake. Wenzake wanamwambia fumbua macho, yeye hasikii. Huyu ndiye mtu anayetisha katika riwaya nzima, kuliko Fuad, kwa sababu anatuuliza: je, mnyonge anaweza kuupenda mkono unaompiga? Na akiupenda, nani amemfikisha hapo? Hili ndilo pigo kubwa kwa ubwana, kubwa kuliko ubaya wote wa Fuad. Ukiulizwa mwandishi ameegemea wapi, usimtazame Fuad. Mtazame Kijakazi.

Swali la nne: Mbona umeishia hapo?

Hapa ndipo ninapotaka kusema langu hasa. Kasri ya Mwinyi Fuad inakwenda mpaka Mapinduzi ya Januari 1964 na maisha mapya yaliyoahidiwa baada yake. Ardhi inarudi kwa mwenye jembe. Ulikuwa wakati wa eka tatu tatu, na matumaini yale yalikuwa ya kweli, asikwambie mtu. Lakini msomaji yeyote mwenye macho anafunga ukurasa wa mwisho na swali mdomoni: kisha ikawaje?

Mwandishi hakujibu kwa barua, wala kwa kusimama jukwaani na kueleza alikuwa na maana gani. Alijibu kwa kitabu chengine. Swali lililobaki wazi 1978 limejibiwa 2003, miaka 25 baadaye, na jawabu lenyewe linaitwa Haini. Weka vitabu viwili hivi juu ya meza moja. Kimoja kina alfajiri, chengine kina chumba kisicho na dirisha. Na jambo la kushangaza, cha pili hakikifuti cha kwanza. Hamza hatuambii kwamba Kijakazi hakudhulumiwa. Anatwambia kwamba kuondoa bwana mmoja si mwisho wa kazi. Aliyeamini alfajiri ile ndiye huyohuyo aliyekuja kuandika chumba kile. Asingeiamini, kitabu cha pili kingekuwa lawama tu. Kwa kuwa aliiamini, kinaumiza.

Kwa hiyo, kama unavisoma vitabu hivi kimoja kimoja kwa ajili ya mtihani, unapoteza nusu yake. Visome kama mazungumzo ya mtu mmoja na nchi yake. Utaona kila akiendelea, majibu yake yanapungua na maswali yake yanaongezeka. Mie huko nakuita kukua.

Swali la mwisho: Na wewe ulikuwepo?

Swali la mzee wa kahawa tuliliacha barazani, turudi nalo, maana sasa linatuelekea sisi. Adam Shafi anaweza kusema, naam, mengine niliyaona kwa macho yangu. Sisi hatukuwepo. Je, tunyamaze?

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa hapahapa Unguja 1948 na kupata Tuzo ya Nobel 2021, aliandika Paradise, iliyotoka 1994. Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikatoka 2022. Kisa chake kinakwenda miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza, Gurnah hajazaliwa bado. Hakuwepo. Lakini Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la babake, yupo, na anatushika mkono. Kuwepo kunasaidia. Kusikiliza kunasaidia vilevile.

Na yapo mengi hayajaandikwa. Nani ameandika usiku ule kutoka kwa mtoto aliyepakiwa chomboni bila ya kuelezwa anapelekwa wapi, ambaye leo ni bibi Maskati na bado anapika kama Unguja? Nani ameandika siku za mwanzo za yule aliyepewa eka zake tatu, akasimama katikati akihesabu mikarafuu kwa mara ya kwanza kama yake? Hao wawili wana haki ya kukaa katika riwaya moja. Adam Shafi ametufikisha mlangoni, hawezi kutuandikia yote.

Nyaraka zipo Kilimani, mlango uko wazi kwa anayefuata utaratibu. Magazeti ya wakati ule, Mwongozi na Afrika Kwetu, yalitukanana vizuri sana. Yasome yote mawili, usisome la upande wenu tu. Kisha mwendee bibi yako na umuulize. Usimuulize nani alikuwa mwema na nani mbaya. Muulize siku ile walipika nini, mlango ulifungwa na nani, na nani hakurudi. Andika. Mzee wa kahawa akikuuliza kama ulikuwepo, mjibu kwa adabu: sikuwepo, babu, ndiyo maana nimekuja kwako. Umuagizie kikombe chengine, ukae umsikilize.