Mpira Kwanza: Kuchagua Matairi ya Subaru Nakuru na Bonde la Ufa

Baadhi ya Subaru Impreza zinazofika Nakuru zikiwa mitumba kutoka Japani, WRX na hata STI yenyewe, hushuka melini zikiwa na matairi ya theluji. Mwenye gari wa kwanza, huko Hokkaido au Nagano, alikuwa na seti mbili, akauza gari na ile iliyokuwa imefungwa siku hiyo. Tairi hilo lina meno marefu na mpira laini, wala halina ufa. Kwa jicho la haraka linaonekana jipya, na mnunuzi huhesabu kwamba amepata nyongeza ya bure. Mimi ningelitoa kabla gari halijatoka gereji.

Kulitambua si kazi. Ubavuni limeandikwa STUDLESS, au lina alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Kila bonge la meno lina mikato myembamba mingi, iliyopindapinda, ya kushika barafu. Mpira wake umechanganywa ubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7, na Nakuru mjini, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nadra kufika huko hata alfajiri ya Julai. Adhuhuri kwenye lami ya Gilgil mabonge hayo huyumba kabla gari halijaitikia uskani. Breki hutaka nafasi ndefu zaidi, hasa barabara ikiwa na maji, na meno yale marefu huisha upesi ajabu. Gari lililoundwa kukata kona linageuka gari la kubahatisha.

Tunachotafuta ni tairi la kiangazi la barabara ya lami, ambalo katika Bonde la Ufa la kati ndilo tairi la mwaka mzima. Tahadhari ni ya watu wa Molo na Mau Summit pekee. Molo imekaa karibu mita 2,500, na asubuhi yake huwa baridi kiasi cha kulifanya tairi la kiangazi kuwa gumu kwa kilomita za mwanzo. Liendeshe taratibu lipate joto, kisha litakutumikia vizuri.

Ninalihukumu tairi kwa mpangilio huu: mpira kwanza, mwili wake pili, meno baadaye, jina la kampuni mwisho. Madukani mambo huenda kinyume. Unatajiwa jina, unaonyeshwa meno, unahakikishiwa kwamba litadumu. Mazoea hayo ya kupima tairi kwa kudumu yana historia. Kenya ilitengeneza matairi yake kwa miongo kadhaa, Firestone East Africa na baadaye Sameer Africa, yenye jina la Yana, mpaka kiwanda cha Nairobi kilipofungwa mwaka 2016. Lilikuwa tairi la kazi, la pikapu na gari la familia, na kwa gari kama hilo kudumu ndiko sifa. Gari la michezo lina hesabu nyingine. Mpira unaoshika lami unalika, na tairi lisilolika limefanywa gumu. Anayekuahidi umri mrefu kupita kiasi amekwisha kukueleza jinsi litakavyoshika kona.

Anza basi na umri wa mpira. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta namba nne za mwisho: 3523 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mara nyingi namba hizo huwa upande mmoja tu, kwa hiyo zungusha tairi uangalie pande zote mbili. Watengenezaji wengi wa magari hushauri kubadilisha baada ya miaka 6, na Michelin wameweka ukomo wa miaka 10 hata kama meno bado yapo. Kwa Subaru inayoendeshwa kwa ari mimi situmii ukomo huo wa pili hata kidogo. Nikiona zaidi ya miaka miwili kwenye tairi linaloitwa jipya, nataka kujua lilikaa wapi. Tairi lililopangwa nje ya duka kando ya barabara kuu, juani kutwa nzima, limeanza kuzeeka kabla ya kupata mwenyewe. Omba la stoo. Muuzaji anayeheshimu kazi yake hatachukia.

Kisha mikono. Bonyeza ukucha wa kidole gumba katikati ya bonge: mpira ulio hai hukubali alama, halafu huifuta polepole. Uliokauka hukataa. Kipimo hiki kinafaa tu ukishayaondoa matairi ya theluji, maana yale hukubali ukucha hata yakiwa mabovu kwa lami. Panua mifereji kwa vidole uangalie chini yake, kwa kuwa nyufa huanzia pale ambapo kitambaa cha kung'arishia hakifiki. Rangi ya kahawia ubavuni isikutishe: ni dawa ya kuukinga mpira na ozoni, inayotoka ndani kuja juu. Weusi unaometameta kama kiatu cha askari ndio wa kutilia shaka, kwa sababu kuna mtu ameupaka.

Kuna wanaonunua matairi ya mitumba, na siwalaumu, kwani seti mpya ya inchi 17 au 18 ni pesa nyingi. Ila tairi la mitumba huhukumiwa kwa ndani. Ingiza mkono na tochi. Ukiona duara la kijivu linalozunguka ubavu wote, au unga wa mpira umelala ndani, tairi hilo liliwahi kukimbizwa bila upepo wa kutosha na nyuzi zake zimechoka; hakuna bei inayolifaa. Kiraka cha katikati kilichobandikwa kwa ndani kinavumilika. Kiraka cha begani au ubavuni hakivumiliki. Uvimbe kwa nje, hata mdogo, maana yake nyuzi zimekatika. Pitisha kiganja juu ya meno kwenda na kurudi: likiwa laini upande mmoja na kali upande wa pili, gari lililolibeba lilikuwa na magurudumu yaliyopotoka, na tairi hilo litalalamika hata likifungwa kwenye gari lililonyooka. Tairi kipara lililochongwa mifereji upya ni la kuepukwa kabisa. Alama ya TWI ndiyo inayolifichua, kwa kuwa vituta vidogo ndani ya mifereji vimewekwa kwenye kimo cha milimita 1.6, na mchongaji hawezi kuvirudisha alivyovikuta.

Sasa vipimo, na hapa ndipo barabara zetu zina neno. Tairi la 225/45R17 lina upana wa milimita 225, na ubavu wake ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 101 hivi. La 245/40R18, lililofungwa kiwandani kwenye STI ya kizazi cha tatu, lina milimita 98. Vijana wengi hupanda juu zaidi, rimu ya 19 na ubavu mwembamba, kwa ajili ya sura. Ukiishi hapa, shimo moja la msimu wa mvua kati ya Njoro na Elburgon litakuonyesha kwa nini ubavu unahitajika. Ningeenda upande wa pili. Mwenye WRX ya kawaida ambaye kaliipa zake zinaruhusu rimu ya 16 anaweza kufunga 205/55R16: kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu sawa na cha 225/45R17, tofauti isiyofika milimita 3, lakini ubavu unafika milimita 113. STI yenye breki za Brembo haikubali rimu hiyo. Mwenye STI abaki 17, na apewe 235/45.

Upana nao una gharama yake. Kwenye mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa malori mazito yamekuwa yakiiburura lami miaka nenda miaka rudi, na inapobonyea huacha mifereji miwili sambamba. Tairi pana mno hufuata kingo za mifereji hiyo na kuvuta uskani, tena mahali ambapo lori liko mbele na jingine liko nyuma. Milimita 20 za ziada hazistahili mashindano hayo.

Baada ya vipimo huja namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Kwenye 225/45R17 namba 91 ni kilo 615 kwa tairi. 94, inayoandamana na herufi XL, ni kilo 670, na mwili wake umeimarishwa ubebe upepo zaidi. Kwa barabara zenye mashimo ninachagua XL bila kusita. Herufi V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270, Y ni 300. Wengine huuliza W ni ya nini wakati sheria inaishia 110. Jibu ni kwamba herufi inaeleza jinsi tairi lilivyojengwa kuvumilia joto. Telemka Marigat, karibu mita 1,000 tu juu ya bahari, barabara imenyooka na lami inawaka, gari limejaa watu na mizigo: hapo joto ndilo linaloua tairi, na ukipungukiwa na upepo linaua mapema zaidi.

Meno nimeyaacha mpaka sasa kwa makusudi, ingawa yana siku zake. Mvua za Machi hadi Mei, na zile fupi za Oktoba hadi Desemba, huimwagia lami maji yaliyochanganyika na vumbi na mafuta ya malori. Unahitaji mifereji mipana inayozunguka tairi zima, mitatu au minne, ya kutoa maji. Tairi la uwanja wa mashindano, mfano Yokohama Advan Neova AD08R lenye kiwango cha kulika cha 180, hushika lami kavu kwa namna ya kufurahisha kweli, lakini sehemu yake isiyo na mifereji ni kubwa na maji hayana pa kwenda. Nalipenda, ila si kwa gari la kila siku. Kundi la Michelin Pilot Sport 4, ambalo katika saizi nyingi lina 320 na daraja AA la kushika lami yenye maji, ndilo ninaloliona kuwa sawa kwa mtu anayetoka Nakuru kwenda Nairobi na kurudi kupitia Subukia na Nyahururu. Na usisubiri ile 1.6. Likifika milimita 3 kabla ya masika, limekwisha kazi.

Neno kuhusu ushawishi wa Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kuifanya Naivasha kitovu chake. Kila baada ya mashindano kuna anayetaka tairi la rali kwa sababu ameliona Soysambu au Kedong likipiga mawe bila kupasuka. Tairi la changarawe lina ubavu mgumu na mabonge makubwa ya kuchimba udongo. Kwenye lami mabonge hayo hupinda, hupiga kelele na hukimbilia mbele breki inapokanyagwa. Liache kwa wenye changarawe.

Subaru ina sharti ambalo muuzaji asiyeijua hatakutajia. Mwendo wa magurudumu yote manne hupita kwenye difa ya katikati, na matairi yakitofautiana mzunguko, difa hiyo hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Subaru wenyewe huruhusu tofauti ya mzunguko ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Piga hesabu: ni takriban milimita moja tu ya kimo cha meno. Kwa hiyo nunua manne pamoja, aina moja, ikiwezekana na tarehe zinazokaribiana. Likipasuka moja wakati mengine yamelika nusu, jipya peke yake halifai.

Wakati wa kufunga, simama hapo hapo. Tairi lililoandikwa OUTSIDE lazima neno hilo lionekane kwa nje. Lenye ROTATION na mshale liende uendako mshale. Ukiona nukta ya manjano, ndipo tairi lilipo jepesi, na fundi anayejua huilinganisha na mahali pa kujazia upepo, hivyo vipande vya risasi vya kubalansi vinahitajika vichache. Peleka gari kwenye alaimenti siku hiyo hiyo, maana tairi jipya likifungwa kwenye magurudumu yaliyopotoka huliwa upande wa ndani bila wewe kuona. Kilomita 300 za kwanza ziwe za upole mpaka utelezi wa kiwandani uishe usoni mwa mpira, na nati zikazwe tena baada ya 100 hivi.

Upepo upimwe asubuhi gari likiwa halijatembea, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Wanaoteremka Mombasa wazingatie kwamba hewa ya Nakuru ni nyepesi kwa karibu psi 3 kuliko ya pwani. Tairi lililojazwa 33 hapa litasoma karibu 30 kule kama joto ni lile lile, kisha joto la pwani lirudishe sehemu ya pengo hilo, psi moja hivi kwa kila nyuzi 5 au 6. Pima tena ukifika, asubuhi ya pili, kabla hujaondoka kivulini.